Mwalimu Mkuu wa Madawati Matupu

20 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute cherehani inazunguka na mguu haukuumi. Mimi nilifika salama. Nimepewa nyumba ya mwalimu mkuu yenye vyumba viwili. Mlango wa chumba kimoja unafungwa kwa ufunguo, wa pili unafungwa kwa kuegemezwa kiti. Mama ameniandikia kwamba kuku wanataga vizuri na baba bado anabishana na redio kana kwamba redio itamjibu. Mjukuu wako Kifungo msalimie sana. Mwambie mjomba wake sasa ni mtu mkubwa, ana kengele yake mwenyewe.

Sasa sikiliza habari za hiyo kengele. Shule ni nzuri, paa halivuji, walimu wanafika kwa wakati. Kinachokosekana ni wanafunzi. Siku ya kwanza niliingia darasa la tano na hotuba niliyoiandaa wiki nzima. Nikakuta wasichana wachache wa mstari wa mbele, mvulana mmoja amesinzia, na mbuzi amesimama mlangoni kama mgeni rasmi. Wengine wako wapi? Nikaambiwa, "Wapo, mwalimu. Watakuja." Walikuja kesho yake, na wale wa jana wakakosa. Hapa watoto wanasoma kwa zamu, na zamu hiyo hakuna aliyeipanga.

Afisa elimu alinikabidhi ofisi pamoja na onyo. Mahudhurio yasipopanda hadi likizo ya katikati ya mwaka, madarasa ya juu yatahamishiwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Nimeiona barabara hiyo. Malori yanapita yakifukuzana, na hakuna mzazi hapa atakayemruhusu mwanawe aivuke asubuhi na jioni. Watoto hawatahama shule, Shangazi, wataacha.

Wewe ulilea watoto wa ndugu zako wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekosa shule, tupende tusipende. Nipe dawa. Na Kifungo yuko darasa la ngapi sasa? Kwa hesabu zangu ni la sita.

Mwanao,
Mwalimu


9 Februari

Baba yangu, Mwalimu Mkuu wa Madawati Matupu,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Unalalamika kwa mama yako kwamba sipokei simu. Simu ninayo, iko kabatini. Mtu akipiga, mimi nasema haloo, yeye anasema haloo, tukimaliza kuhaloana salio limekwisha. Barua mtu anaisoma amekaa.

Hapa wote wazima. Jirani yangu muuza dawa ameoza jino na anaogopa kung'oa, yeye anayewaambia watu kila siku kwamba haiumi. Kinyozi wa jirani kapaka duka lake rangi ya kijani inayotutia sote kichefuchefu. Kifungo hajambo kabisa. Asubuhi hii ninapokuandikia anampima mama mmoja anayetaka gauni la saizi aliyokuwa nayo alipokuwa mchumba. Mtoto anaandika vipimo vya kweli, mama anavifuta. Sijui nani atashinda.

Dawa ni hii. Waite wazazi. Lakini usiwaambie unawaitia nini, maana ukisema "mahudhurio" utabaki na mbuzi wako. Tangaza kwamba kuna jambo zito na kila mmoja anatajwa. Watakuja kwa udaku, ukishawapata funga mlango. Na watoto usiwachape. Wewe tulikuchapa na bado ulijificha chini ya kitanda mpaka nikakutoa kwa mpini wa ufagio.

Na hiyo nyumba ya vyumba viwili, chumba cha pili ni cha nani?

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mwandiko wako umekuwa mkubwa, siku hizi barua yako mtu anaisoma akiwa upande wa pili wa uwanja. Nafurahi mko wazima. Mwambie muuza dawa ang'oe jino, na kinyozi umwambie rangi ni suala la muda, jua litamsaidia.

Dawa yako nimeitumia. Nilitangaza jambo zito. Watu wakafikiri nakuja kuchangisha fedha za choo, kwa hiyo hakuja mtu. Nilikaa mbele ya viti vitupu na walimu wangu, tukitazamana. Mwishoni akaingia mtu mmoja, mweupe wa unga toka kichwani hadi miguuni, amekunja uso. Ni mwenye mashine ya kusaga. Alidhani jambo zito ni yeye.

"Mwalimu," akasema kabla sijamkaribisha, "kelele za mashine siwezi kuzipunguza. Ukitaka unga, kubali kelele."

Nikamwambia sina ugomvi na mashine, ninatafuta wanafunzi.

Akanitazama kama mtu anayetafuta kofia iliyo kichwani mwake. "Wanafunzi wako? Si wote wako kwangu?"

Asubuhi iliyofuata nikaenda. Shangazi, nililiona darasa langu la tano limekaa kwenye kivuli cha mashine, kila mmoja na ndoo yake ya nafaka, wanacheza mdako. Mashine hapa ni moja na foleni ni ndefu. Mama hawezi kuacha biashara au shamba asubuhi nzima akalinde zamu, basi anatuma mtoto. Leo anatuma mkubwa, kesho mdogo, ndiyo ile zamu niliyokuwa siielewi. Hakuna mzazi anayechukia shule. Wanaogopa tu kwamba mtu akiacha ndoo peke yake, atarudi aikute nyuma ya foleni, au asiikute.

Basi nimekubaliana na mwenye mashine jambo. Mwanafunzi analeta ndoo kabla ya kengele, anafunga kipande cha kitambaa cha buluu kwenye mshikio, anakwenda darasani. Ndoo inabaki kwenye foleni yenyewe, inasogezwa kama mtu, inasagwa zamu yake ikifika. Jioni anachukua unga wake. Mwenye mashine ana mdogo wake wa kike, dada anayemimina nafaka, naye ndiye atakayezisogeza na kuzilinda. Yeye ndiye aliyesema ndoo haihitaji kusoma, mtoto ndiye anayehitaji. Tunaanza Jumatatu, na mimi mwenyewe nasaga hapo karibu kila siku.

Hukunijibu kuhusu Kifungo.

Mwanao


20 Machi

Baba yangu,

Marahaba. Huku tuna mafua, mafua ya kawaida yanayomfanya mtu aseme kupitia pua kama mtangazaji. Muuza dawa kang'oa jino na sasa anasimulia kama aliyerudi vitani.

Habari ya ndoo imenichekesha asubuhi hii mpaka Kifungo akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilimsomea. Akasema, "Bibi, kwa hiyo ndoo ndiyo inayokaa foleni na mtoto anaenda shule?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi jikoni, akaacha chai ichemke mpaka ikamwagika. Mtoto huyu amekuwa na fikra ndefu siku hizi.

Kuhusu hilo swali lako, Kifungo amekua sana. Vidole vyake ni virefu, tundu la kifungo analipiga safi kuliko langu. Viatu vya mwaka jana havimtoshi. Anapenda kuimba. Nimekujibu.

Lakini wewe hukunijibu langu. Nami nimesoma barua yako vizuri. Maneno ya mwenye mashine umeyasimulia kwa kucheka, ya dada anayemimina nafaka umeyanukuu kama msahafu. Mtu anayeishi peke yake, anayepika chungu kimoja kwa siku, anasaga nini? Nijibu langu kwanza, nami nitakujibu lako tena, kwa kirefu zaidi.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mafua yaondoke. Mama anasema mwaka huu atakuja kwako, lakini alisema hivyo mwaka jana pia, kwa hiyo usinunue godoro.

Mahudhurio yamepanda, na sasa tatizo langu ni jingine kabisa. Watu wamegundua kwamba ndoo yenye kitambaa cha buluu haisukumwi wala haiibiwi, basi kila mtu anataka buluu. Mapazia ya mji huu yamepungua. Wiki iliyopita kuna bwana mwenye ndevu alifika na ndoo ya buluu, akadai yuko darasa la nne. Mwenye mashine akamwambia, "Sawa, twende shule ukasome mbele ya mwalimu, ndipo nisage." Bwana akaenda zake, lakini kesho yake akawaleta watoto wake wawili ambao sikuwahi kuwaona, akawaandikisha. Namna hiyo nimepata wanafunzi wapya wengi. Walikuja kwa sababu ya foleni, wakakaa kwa sababu ya mpira na uji.

Wengine nao wameona wivu wakataka kushiriki. Kinyozi wa hapa anawapa watoto wa darasa la nne gazeti kila Jumamosi wawasomee wateja, na mteja haruhusiwi kuinuka kitini mpaka sentensi iishe. Kuna mzee mmoja alitoka na nusu kichwa kwa sababu mtoto alikwama kwenye neno "ushirikiano". Mwenye mashine anakuja darasa la sita na mizani yake, anawauliza ndoo mbili na nusu ni kilo ngapi, akikosea yeye wanamcheka. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye hesabu sasa wanabishana hadi mlangoni.

Limebaki kundi moja ambalo ndoo haikulisaidia. Ni watoto wa mtaa wa chini, wenye sare zilizochanika mpaka wanaona haya kuja. Mwenye duka la vitambaa amenipa mabaki ya majora, ya kutosha kabisa, lakini mafundi wa hapa wamezidiwa na nguo za harusi. Unamjua fundi yeyote mwenye moyo? Kitambaa na vipimo nimevituma kwa basi pamoja na barua hii.

Lako nitakujibu. Anza wewe.

Mwanao


28 Aprili

Baba yangu,

Marahaba. Naandika haraka, kondakta wa basi amesimama mlangoni na anadai basi litamwacha, kana kwamba basi linakwenda bila yeye.

Fundi mwenye moyo unamjua. Ulitaja vipimo, nimekata, nimeshona, Kifungo kapiga matundu na vifungo. Mashati na sketi na kaptura zimo ndani ya mfuko huu, tumeshona asubuhi hadi jioni tangu kitambaa kifike. Kifungo alikuwa anajaribu kila shati kifuani mbele ya kioo kabla ya kulikunja. Nikamwuliza anafanya nini, akasema anaangalia kama kola imekaa.

Wavishe. Na nipe habari.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua niandikeje, na bado sijui.

Kwanza shukrani. Watoto wa mtaa wa chini wamekuja wote. Waliingia uwanjani wameshikana mikono kama waliofunga ndoa, na wenzao wakawapigia makofi. Msichana mmoja amekataa kuvua shati hilo hata kwa kulala, mama yake amekuja kulalamika huku anacheka. Mungu akulipe.

Sasa naomba nikuulize kama mwanao, si kama mwalimu. Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Najua uliwahi kuifumua kaptura yangu nzima usiku wa kuamkia shule ilipofunguliwa, kwa sababu mshono mmoja ulikuwa umepinda upana wa uzi. Shangazi, mishono ya mashati haya inatangatanga. Mkono mmoja wa shati umeshonwa ndani nje. Kuna shati lina mfuko ulioshonwa juu ukaachwa wazi chini. Mwenye shati anatia penseli, penseli inaanguka, anaiokota, anatia tena, darasa zima linacheka na yeye pia. Lakini matundu ya vifungo hayana dosari hata moja. Ni kazi ya mtu anayeona vizuri.

Halafu nikasoma barua zako tena. Asubuhi Kifungo anampima mteja. Asubuhi Kifungo yuko jikoni. Asubuhi hadi jioni Kifungo anapiga matundu, na wakati huo shule zilikuwa wazi. Nimekuuliza yuko darasa la ngapi, ukanieleza viatu vyake.

Macho yako yana nini, Shangazi? Na Kifungo ameacha shule tangu lini?

Mwanao anayekupenda


19 Juni

Mwalimu,

Nimepokea ukaguzi wako wa mashati. Mfuko ule ni mtindo mpya.

Mimi nilikuwa nashona kabla hujajua mbele ya suruali ni wapi. Mwenye macho haambiwi tazama, nawe tazama ya kwako kwanza. Unauliza watu maswali na yako umeyakalia kama kuku wa mama yako.

Kifungo anakusalimu.

Shangazi


27 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikawia, na ilipofika ilikuwa kali, nikafurahi kupata hata huo ukali. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Una haki. Nimekuuliza huku nimelikalia langu. Basi nalitoa, na sikudai chochote kwanza.

Ni yule dada wa mashine, kama ulivyojua. Watu humwita Wingu kwa sababu unga unamfuata kila anakopita. Nilikuwa nanunua nafaka nisiyoihitaji ili nipate cha kupeleka kusaga. Nina unga humu ndani wa kulisha kikosi. Mwezi wa nne nilimwambia nililonalo moyoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema hapana. Akasema mtu anayekuja kila siku na ndoo nusu hajui kama anataka unga au anataka mke, na yeye hana muda wa kungoja ajue.

Nilikataliwa, Shangazi. Ndiyo maana nikawa nakupiga chenga. Mwalimu mkuu mzima, shule nzima inanipigia saluti, na mimi narudi nyumbani nimebeba ndoo kichwani. Niliona haya kukuandikia wewe uliyekuwa unanitania. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini bado naenda kusaga, na siku hizi ananiuliza habari za watoto. Basi, hapo ndipo ilipofikia.

Langu lote liko mezani, pamoja na aibu yake. Lako ukitaka kulificha lifiche, sitauliza tena. Ila mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kusikia habari zako kwa watu.

Mwanao


8 Julai

Baba yangu,

Marahaba, mwanangu. Huyo Wingu ana akili. Mpelekee ndoo iliyojaa.

Umenishinda. Kama ungenigombeza ningekugombeza miaka. Lakini umenipa lako bila kudai, sasa nitanyamaza vipi?

Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kulia zaidi. Lilianza kama ukungu kwenye kioo nikawa nakifuta kioo. Daktari wa macho anasema linatolewa, kazi ndogo, nikae nimepumzika baada ya hapo. Mimi nimeogopa. Naogopa kisu, na zaidi ya kisu naogopa watu wakijua. Fundi asiyeona nani atampa kitambaa chake? Wateja wote watahamia kwa yule fundi wa kona anayeshona suruali kama anakimbizwa. Mama yake Kifungo yuko mbali kazini, hizi hela za kitambaa na chakula zinatoka hapa kwenye cherehani.

Nilimwambia mtoto akae siku mbili anitungie uzi. Siku mbili zikazaa wiki, wiki zikazaa muhula. Tangu mwaka uanze hajaingia darasani. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kila asubuhi wenzake wanapita hapa mlangoni na mifuko mgongoni, wanamwita. Yeye anainama anatafuta mkasi, na mkasi uko mkononi mwake. Hilo niliona. Hayo macho mabovu yaliona hilo vizuri sana, na nikaendelea kukanyaga cherehani.

Mimi niliyewatoa nyinyi chini ya vitanda kwa mpini wa ufagio. Nimemshonea sare kila mtoto wa huko na wa kwangu nimemweka dirishani. Ninajionea haya, baba. Nifanyeje?

Shangazi yako


16 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole. Mganga hajigangi, na hakuna ubaya hapo, ndiyo maana waganga wako wengi.

Afisa elimu alikuja juzi. Alihesabu vichwa mwenyewe, mara mbili, kwa sababu hakuamini. Kwenye majaribio ya katikati ya mwaka, darasa la sita wamemshangaza kwa hesabu, akauliza nimeleta mwalimu gani mpya. Nikamwonyesha mwenye mashine, alikuwa amekaa nyuma ya darasa anatoa unga masikioni. Madarasa ya juu yanabaki hapa hapa.

Nakueleza hivyo si kwa kujisifu. Nataka uone kitu kimoja. Kwa miaka watu waliwaita wazazi wa hapa wavivu na wajinga, na hakuna mtoto aliyerudi darasani kwa matusi hayo. Walirudi siku tulipouliza nani atamlindia mama ndoo. Wewe pia sitakuita mbaya. Nakuuliza tu, mtaa mzima huo wenye muuza dawa na kinyozi wa kijani na wateja mlangoni kutwa, hakuna hata mmoja wa kukutungia uzi? Kifungo amebeba kazi ya mtaa kwa sababu mtaa haujui kama kuna kazi.

Waambie. Najua ninachokuomba ni kikubwa. Likizo nitakuja nikae nawe wakati wa hospitali, na nitashona ikibidi, wateja wavumilie.

Mwanao


5 Septemba

Baba yangu,

Marahaba. Usije ukashona, nina sifa za kulinda.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Halafu asubuhi moja kinyozi aliingia kuomba pini, nikamwambia, "Nitungie uzi huu, mimi sioni." Nilitamka hivyo hivyo, nikangoja dunia ianguke. Akatunga uzi, akasema, "Nilikuwa nashangaa kwa nini unanisalimia kwa jina la muuza dawa." Kumbe mtaa ulijua tangu zamani. Walikuwa wananisitiri, nami nilikuwa najisitiri kwao, tumepoteza muhula mzima wa mtoto kwa adabu.

Sasa mteja akija, kabla ya kukaa anapewa sindano na uzi. Mto wangu wa sindano umejaa sindano zilizotungwa kama nungunungu. Muuza dawa hupita asubuhi kutunga ya cherehani, na kila akimaliza ananielezea jino lake. Na yule fundi wa kona, niliyemsema vibaya kwako na kwa watu wengine wengi, alikuja mwenyewe. Akasema atanipigia matundu ya vifungo nami nimkatie vitambaa, maana kukata hajui, na kweli hajui. Tunagawana. Suruali zake zimeanza kutulia.

Kifungo nilimpeleka shule kwa mkono wangu. Mwalimu mkuu wa huko, mwanamke wa miwani, akaniuliza mtoto alikuwa mgonjwa? Mimi mwenye mdomo huu unaoujua nilianza kumsifia miwani yake. Mwishowe nikamwambia, "Mgonjwa nilikuwa mimi. Dawa alimeza yeye." Hakunikaripia. Alimwita Kifungo akamwuliza anataka nini, mtoto akasema anataka kukaa mbele. Wamemrudisha darasa la tano kwanza. Wiki ya kwanza alilia kwa sababu wenzake wa zamani wako mbele yake, nami nililia chumba cha pili asinisikie. Wiki ya pili alirudi na maswali mengi nikatamani alie tena.

Jicho la kulia litafanywa mwezi ujao. Naogopa bado. Mama yako anasema safari hii anakuja kweli, nimenunua godoro.

Nikueleze la leo halafu nikuache. Asubuhi aliingia bibi harusi, gauni limebaki tundu moja la juu shingoni, gari linamngoja nje. Fundi wa kona hajafika. Kifungo alikuwa kavaa sare, mfuko uko mgongoni. Nikamwita kabla sijafikiri, kwa mazoea tu. "Kifungo, njoo, tundu moja tu."

Alilitazama gauni. Najua vidole vyake vilitaka. Akasema, "Bibi, kipindi cha kwanza ni hesabu," akaniaga, akatoka. Hakukimbia, hakugeuka nyuma, nikamsikia anawaita wenzake kule mbele wamsubiri.

Bibi harusi akaniuliza kama mtoto huyu ana adabu. Nilikuwa nimekaa na lile gauni mapajani, sioni tundu wala kifungo, na sijapata kufurahi kuachwa namna ile.

Shangazi yako